Mikono Iliyoganda

Chelimo hakuzaliwa mtu wa kukaa kitako. Mama yake, alipokuwa hai, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hata akilala miguu yake inakwenda sokoni. Darasani alikuwa wa kutumwa chaki, kwa sababu walimu walichoka kumwona akijinyonganyonga kwenye dawati. Alipokua akapata kazi iliyomfaa mtu ambaye mikono yake haijui kutulia: akawa mkalimani wa lugha ya ishara.

Si kwamba aliichagua kazi hiyo kwa sababu ya mikono. Dada yake mkubwa, Chepyegon, alikuwa kiziwi tangu utotoni, na Chelimo alijua ishara kabla hajajua kusoma. Nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Sotik, yeye ndiye aliyekuwa akisimama kati ya Chepyegon na watu wengine wote: dukani, kanisani, kwa daktari, hata kwenye ugomvi wa watoto wa jirani.

Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amerudi kuishi na baba yao, Mzee Zacheus, baada ya mama kufariki. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe wachache wa maziwa. Chepyegon alikuwa na cherehani yake mjini Sotik, akishona sare za shule na nguo za kwaya, na jioni alirudi nyumbani. Chelimo yeye alifanyia kazi pale pale nyumbani. Kampuni moja ya Nakuru iliunganisha kliniki na wakalimani kwa simu ya video. Mgonjwa kiziwi anakaa mbele ya daktari, mezani kuna skrini, na ndani ya skrini yuko Chelimo na blauzi nyeusi, ukuta mweupe nyuma yake ili mikono ionekane vizuri. Daktari akisema, yeye anaonyesha. Mgonjwa akionyesha, yeye anasema.

Taabu ilianza na mvua za mwezi wa nne. Asubuhi kazi ilikwenda vizuri, lakini mchana, mawingu yakishapanda na kuanza kumwaga maji juu ya mashamba ya chai, picha ya Chelimo ilianza kusimama. Wagonjwa walimwambia, "Rudia." Walimwambia, "Mkono wako umeganda." Yeye kwa upande wake aliwaona vizuri tu, na ndiyo maana ilimchukua muda kuamini kwamba wao hawamwoni.

Mtu anayesikia, sauti ikikatika, anaweza kubahatisha neno. Ishara ikikatika katikati, kinachobaki ni mkono hewani, na mkono hewani unaweza kuwa neno lolote.

Basi Chelimo hakutulia. Aliiweka ruta dirishani, akaihamisha juu ya kabati, akaihamisha juu ya friji, akaipandisha kwenye kigoda juu ya meza. Alikata matawi ya mkaratusi yaliyokuwa yakiugusa waya barabarani. Alipiga simu kwa kampuni ya intaneti, na sauti ya msichana mpole ikamwambia azime, asubiri, awashe tena. Akazima, akawasha. Akaongeza kifurushi, wakaahidi kasi kubwa zaidi. Siku chache mambo yakawa afadhali, kisha yakarudi pale pale.

Mzee Zacheus alikuwa akimtazama kutoka barazani, kikombe cha chai mkononi.

"Chelimo, unazunguka na hiyo kitu kama kuku anatafuta mahali pa kutaga."

"Baba, mtandao unanitesa."

"Ni mvua. Hata redio zamani ilikuwa inakwaruza ikinyesha." Akavuta kiti chake ndani kidogo, mbali na matone. "Itaisha."

Alisema hivyo kwa moyo safi. Chelimo naye alimwamini, maana mvua na ubovu vilikuja pamoja kila siku kama ndama na mama yake.

* * *

Charity alikuwa mkulima wa viazi upande wa Londiani, kiziwi, na ujauzito wake wa kwanza ulikuwa umekaribia kutimia. Chelimo alikuwa amemkalimania kliniki mara kadhaa, na walikuwa wamezoeana. Charity alipenda mzaha. Alikuwa akikivuta kitambaa chake cha kichwa hadi machoni na kumwigiza tabibu wa pale, kijana aliyeitwa Nicholas, jinsi anavyokunja uso akisoma mashine.

Mchana mmoja Nicholas alikunja uso kweli, si kwa mzaha wa mtu. Alipima presha ya Charity, akapima tena, akaitazama miguu yake iliyokuwa imevimba mpaka viatu havifungiki.

"Mwambie presha iko juu sana," akamwambia Chelimo. "Mwambie asirudi nyumbani. Aende hospitali kubwa Kericho leo hii."

Chelimo akaanza kuonyesha. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Katika lugha ya ishara katazo aghalabu huja mwishoni: unaonyesha nyumbani, unaonyesha kwenda, ndipo mkono na kichwa vinakataa. Alionyesha nyumbani. Alionyesha kwenda. Alikataa. Akaendelea na Kericho, na hospitali, na leo. Kwenye skrini yake alimwona Charity akitazama, akitikisa kichwa kukubali, akitabasamu, akiinua mkono kuaga.

Mbona anaaga?

"Subiri," Chelimo akaonyesha. "Charity, subiri! Umeelewa nini?"

Charity hakuitikia. Alikuwa anakusanya mwavuli na mkoba wake huku anaitazama skrini kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha ukutani. Hapo Chelimo akafahamu kwamba kule Londiani yeye ni picha kweli. Mikono yake ilikuwa imeganda zamani, na ilikuwa imeganda mahali pabaya kuliko pote. Nyumbani. Kwenda. Basi.

"Daktari! Daktari Nicholas!" akaita. Lakini sauti nayo haikufika. Alimwona muuguzi akichungulia mlangoni, akamwona Nicholas akiinuka haraka na kumfuata, kama mtu aliyeitiwa jambo la dharura chumba cha pili. Kiti kikabaki kitupu. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Alipiga tena. Haikushika. Akapiga kwa simu yake ya mkono, kwa bando lake mwenyewe, lakini wakalimani hawakupewa nambari za kliniki wala za wagonjwa. Ilibidi apitie ofisi ya Nakuru. Nambari ya ofisi ya Nakuru ilikuwa inatumika. Akapiga tena, ikawa inatumika. Alitoka sebuleni akaenda jikoni, akatoka jikoni akaenda mpaka langoni bila mwavuli, akarudi amelowa, simu sikioni. Baba yake akamuuliza kuna nini. Hakumjibu.

Mwishowe mtu wa ofisini alishika, na baada ya maelezo mengi akakubali kumtafuta Nicholas. Nicholas mwenyewe ndiye aliyempigia.

"Lakini alitikisa kichwa," akasema. "Nilikuwa na mama anazaa chumba cha pili. Niliporudi nikaambiwa Charity ameenda. Nikajua ameenda stendi kutafuta gari ya Kericho."

"Daktari, alitikisa kichwa kwa nusu ya maneno. Amerudi nyumbani. Mimi ndiye nimemwambia aende nyumbani."

"Mungu wangu," Nicholas akasema, na kukata simu.

Nicholas alimwandikia Charity ujumbe. Haukujibiwa. Chelimo aliambiwa asubiri, na hakuna neno alilolichukia maishani kama hilo. Alianza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Aliwafungulia ng'ombe, akakumbuka kwamba bado ni mapema, akawafungia. Alipokaa, goti lake lilitikisika mpaka vikombe vikalia mezani. Chepyegon aliporudi kutoka mjini alimkuta akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akamshika mabega akamgeuza.

"Nini?" akauliza kwa mikono.

"Nimemtuma mtu mahali pabaya," Chelimo akaonyesha, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kiasi kwamba dada yake alimwomba arudie.

Giza lilikuwa linaingia Nicholas alipopiga tena. Alikuwa amechukua pikipiki ya kliniki mwenyewe na kwenda. Alimkuta Charity shambani, ameinama kwenye matuta, anachimba viazi vya chakula cha jioni, kichwa amekikaza kwa leso kwa sababu ya maumivu. Simu yake aliiacha kwa jirani ikipata chaji. Sasa walikuwa njiani kwenda Kericho kwa gari la jirani huyo.

Kesho yake asubuhi habari ikafika kwamba amefanyiwa upasuaji. Mtoto ni msichana, mdogo sana, lakini analia. Mama naye yuko salama, ingawa madaktari walisema wangechelewa zaidi wasingeahidi kitu.

Chepyegon alicheka kwa furaha na kupiga makofi. Chelimo alishukuru, lakini moyo wake haukushuka. Alikuwa tayari anaiwazia saa nane mchana, na mgonjwa mwingine, na mkono mwingine utakaosimama.

* * *

Aliwaambia watu wa Nakuru kwamba hatachukua kazi za mchana mpaka atengeneze mtandao. Kisha akatafuta fundi. Mwenye duka la simu pale Sotik alimpa nambari ya Mokaya, mtu wa upande wa Kisii ambaye alifanya kazi pande zote mbili za mpaka wa Kisii na Sotik, na aliyezungumza bila kupumua.

"Nikuje asubuhi?" Mokaya akauliza.

"Asubuhi hakuna ugonjwa. Njoo mchana, mvua ikinyesha."

Akaja mchana, mvua ikinyesha. Akaacha viatu vyake vya matope mlangoni, akafungua kompyuta yake, akaiunganisha kwenye ruta, akapima. Akapima mara ya pili, akakuna kidevu.

"Dada, achana na mvua. Waya yenu ni ya kioo, ile wanaita faiba, na kioo haijali mvua. Unaona hapa? Inayoingia iko sawa. Inayotoka ndiyo imejaa."

"Imejaaje?"

"Si unajua barabara ya kwenda kiwandani ikiwa matope? Lori za majani ya chai zikipangana, hata pikipiki haipiti. Ya kurudi iko wazi, lakini itakusaidia nini kama wewe unataka kwenda? Picha yako inaenda. Iko nyuma ya lori."

"Lori za nani?"

"Hiyo sasa ndiyo nauliza wewe. Kuna kitu ndani ya hii nyumba inatuma vitu nje, na inatuma vingi. Mko wangapi hapa?"

"Mimi na Baba. Dada yangu anakuja jioni."

"Na mzee anafanya nini na mtandao?"

"Baba? Anasoma gazeti. Anaangalia mazishi ya watu."

Mokaya aliigeuza ruta. Waya mweusi ulikwenda kwenye meza ya Chelimo. Waya wa kijivu ulipita kwenye tundu la ukuta. Akauchomoa wa kijivu, akatazama skrini yake. Akauchomeka. Akauchomoa tena.

"Kuja uone," akasema. Waya ukiwa nje, barabara ilikuwa nyeupe. Ukiwa ndani, ilijaa papo hapo. "Hii inaenda wapi?"

Chelimo alijua unakokwenda. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba tundu lile litobolewe, ili baba yake asisumbuke na waifai hafifu akiwa chumbani.

Mzee Zacheus alikuwa amekwenda kupeleka majani kituo cha kupimia chai. Tangu utotoni Chelimo hakuwa ameingia chumba cha baba yake bila mwenyewe kuwapo, na alisimama kizingitini kitambo. Kisha akaingia. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama yao. Alipoigusa ilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Akaifungua. Skrini ilijaa majina, na kila jina lilikuwa na mshale unaoelekea juu.

Mokaya alipiga mluzi. "Hii ni programu ya kushiriki faili. Mzee ameweka vitu vyake hapa, na kila mwenye anataka anavuta kutoka kwa hii kompyuta moja kwa moja. Na wako wengi. Tena wengi ni wa Amerika." Akatazama nje dirishani, kama mtu anayepiga hesabu. "Kwao ndio kunakucha saa hizi. Wanaamka, wanaanza kuvuta. Na huku ndio mvua inaanza."

Chelimo alikaa kitandani. Aliyajua majina yale; yalikuwa ya kanda za Baba. Zamani, baba yao alipokuwa mwalimu, kila likizo alibeba kinasa sauti chake na kuzunguka kwa wazee, kuanzia Chebunyo hadi Londiani, akirekodi hadithi, nyimbo za kubembeleza watoto, nyimbo za wachuma chai, mafumbo, maombi ya mvua. Kanda zilijaa masanduku chini ya kitanda. Kaka yao Kipkurui, anayeishi Amerika, alikuwa amemtumia Mzee mashine ya kuzihamishia kwenye kompyuta, na Chelimo alifurahi wakati huo kwamba Baba amepata kitu cha kufanya. Hakuuliza zaidi.

Akanyoosha mkono akaizima kompyuta. Kisha, kama kwamba haitoshi, akaung'oa na waya wa umeme.

* * *

Mokaya alikuwa ameshaondoka Mzee Zacheus aliporudi na Chepyegon, ambaye alikutana naye njiani. Mzee alivua gambuti, akaingia chumbani, na hakukaa.

"Nani amezima kompyuta yangu?"

"Ni mimi, Baba."

"Kipkurui alisema isizimwe. Ukizima watu wanakatikiwa. Kuna mtu wa Minnesota amekuwa akivuta kanda za Chebunyo tangu jana. Alikuwa katikati!"

"Charity pia alikuwa katikati," Chelimo akasema. "Katikati ya kuambiwa asiende nyumbani."

Alimweleza. Alimweleza vibaya, kwa haraka, maneno yakigongana: lori, matope, kioo, mishale, presha. Mzee alisimama na soksi zake zenye unyevu, na uso wake ukawa unapita kutoka hasira kwenda kutoelewa, kisha kwenda mahali pabaya zaidi.

"Mimi sikujua," akasema. "Nilidhani kutuma ni kama kusoma gazeti. Hujaniambia."

"Ungejuaje? Umewahi kuniuliza kazi yangu ni nini? Maisha yako yote umekusanya sauti za watu. Sauti, sauti, sauti, sanduku kwa sanduku. Na una mtoto ambaye hasikii hata moja! Ishara zako ni njoo, kula, na lala. Kama angekuwa Chepyegon pale kliniki, ungemwambia nini?"

Ng'ombe walilia nje, wakidai kukamuliwa.

Chepyegon alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa nguo. Alikuwa ameziona nyuso. Alikuwa ameliona jina lake midomoni. "Mnasema nini?" akauliza.

Chelimo aligeuza macho. Katika kazi yake kuna sheria moja ambayo ni kubwa kuliko zote: kinachosemwa mbele ya kiziwi, kiziwi ajue. Mkalimani hachagui maneno ya kupitisha na ya kuficha. Alikuwa amewahi kumlaani daktari mmoja kimoyomoyo kwa kumwambia, "Hiyo usimwambie." Sasa alitamani mtu amwambie hivyo hivyo.

Aliinua mikono akaonyesha yote. Alionyesha maneno ya Baba, na maneno yake mwenyewe, kuhusu sauti na masanduku na mtoto asiyesikia, na njoo na kula na lala. Kwa ishara maneno yale yalikuwa makali zaidi, maana ilibidi uso uyabebe pia.

Chepyegon alitazama mpaka mwisho. Akaweka mkoba chini. Kisha akaanza kujibu, na Chelimo, kwa mazoea ya miaka, akawa sauti yake.

"Anasema... nilikuwa naenda na Baba. Likizo. Wewe ulikuwa mdogo, ulibaki na Mama. Mimi ndiye nilibeba betri. Anasema, Baba alikuwa ananiweka mbele, karibu na mzee anayeimba, kwa sababu alijua napenda kutazama. Mabibi walikuwa wanaimba na mikono yao. Wanabembeleza mtoto ambaye hayuko. Anasema nilikuwa nawashika koo, wananiruhusu, nasikia kwa vidole."

Mzee Zacheus alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti. "Kweli," akasema polepole. "Alikuwa anawashika koo. Walikuwa wanacheka."

Chepyegon alimgeukia dada yake, na ishara zikawa fupi.

"Anasema..." Chelimo akasita.

"Sema," Chepyegon akaonyesha.

"Anasema, Chelimo, usinifanye mimi fimbo ya kumchapia Baba. Kama una hasira, chukua fimbo yako."

Lakini Chepyegon alikuwa hajamaliza. Alimtazama baba yao, akazungumza taratibu zaidi, kama watu wanavyozungumza na mgeni.

"Na wewe Baba, anasema, ni kweli pia. Njoo, kula, lala. Umewauliza wazee wa kila mahali wakuambie mambo yao. Mimi hujaniuliza hata siku moja niliona nini."

Mzee aliinua mikono yake, ile mikubwa yenye rangi ya majani ya chai kwenye vidole, akaitazama, na ikawa haina la kusema. Akaishusha magotini. Baadaye akainuka akaenda kukamua ng'ombe, maana saa ilikuwa imepita, na Chelimo akabaki amesimama katikati ya chumba asijue aketi wapi.

* * *

Mokaya alirudi baada ya siku kadhaa, na safari hii Mzee Zacheus ndiye aliyempokea. Kipkurui alikuwa kwenye simu kutoka Amerika, akiomba msamaha kwa kila mtu. Haikuwa kazi kubwa. Katika programu ya Mzee kulikuwa na mahali pa kuwekea kikomo cha kile kinachotoka, na Kipkurui hakuwa amewahi kupagusa. Wakaweka kikomo kidogo, ili hata programu ikifanya kazi isijaze barabara. Wakaipangia pia ianze jioni, Chelimo akishamaliza kazi, na isimame kabla hajaanza asubuhi. Kisha Mokaya akaingia kwenye ruta yenyewe na kuiambia kwamba meza ya Chelimo ipite mbele ya kila kitu kingine ndani ya nyumba.

"Kama gari ya mgonjwa," akaeleza. "Lori zote zinakaa pembeni."

"Na mtu wa Minnesota?" Mzee akauliza.

"Atapata, mzee. Polepole tu. Hiyo programu haisahau alipofikia."

Mzee alivaa miwani yake, akakaa kwenye kompyuta, na kwa kidole kimoja akawaandikia wale watu wa mbali katika kundi lao la simu. Chelimo aliyasoma maneno hayo baadaye, kwa sababu Kipkurui alimtumia. Mzee aliandika kwamba kanda zitapatikana usiku wa Kenya peke yake, kwamba nyumbani kwake kuna mtu anayefanya kazi kwa mikono mchana, na kwamba asiyeweza kusubiri apande ndege aje Sotik, atasikilizishwa na kupewa chai.

Chelimo alirudia kazi za mchana. Picha ilikuwa laini sasa, mikono ikipita kama maji, na hakuna aliyemwambia arudie. Lakini hakuamini haraka. Kwa muda mrefu, katikati ya ishara, jicho lake lilikwenda kwenye taa za ruta na kurudi. Akajiwekea desturi ambayo ofisi ya Nakuru baadaye iliwataka wakalimani wote waifuate: kabla mgonjwa hajainuka, anamwomba aonyeshe mwenyewe alichoambiwa. Madaktari wengine walilalamika kwamba inawapotezea muda. Nicholas hakulalamika.

Chepyegon na baba yao hawakuzungumza tena kuhusu siku ile. Mzee alianza kukaa karibu na Chepyegon Jumapili mchana, akimtazama akitia vifungo kwenye nguo alizoleta kutoka mjini. Jumapili moja alimwita Chelimo. Alipofika, baba yake alimwashiria abaki pale pale mlangoni, asisaidie. Kisha akamgeukia Chepyegon, na kwa mikono mizito, akikosea mpangilio, akiacha neno moja na kulirudia, akauliza swali. Lilikuwa limepinda kiasi kwamba Chelimo mwenyewe ilibidi alifikirie kabla ya kulielewa. Bibi. Chebunyo. Wewe. Kuona. Nini?

Vidole vya Chelimo viliinuka vyenyewe kutaka kunyoosha swali. Akavifumbata, akavificha nyuma ya mgongo.

Chepyegon aliuma uzi, akaichoma sindano kwenye ukosi wa gauni. Alifikiri kidogo. Halafu akaanza kumjibu baba yake, taratibu, na kila baada ya ishara mbili tatu akasimama kumtazama kama ameelewa. Mzee alikuwa haelewi, na hakutikisa kichwa.

"Rudia," akaonyesha.

Chepyegon akarudia.